Gundi kwenye Vitufe vya Baba Mkwe

Kazi ya Pamba ilikuwa ndogo, hata kuieleza kulimpa shida. Hakuwa makanika, hakuwa fundi umeme, wala hakupaka rangi. Alisafisha vitufe vya magari. Mtu akimwaga soda kwenye swichi za madirisha, mtoto akiinywesha redio maziwa, au kitufe cha feni kikibonyezwa kikagoma kurudi, gari lililetwa kwenye uwanja wa kuoshea magari na kuegeshwa chini ya paa la mabati. Pamba aliingia ndani na vijiti vyake vya kusafishia masikio, mswaki laini na kichupa cha spiriti, akainama humo mpaka shingo ikakakamaa. Ndiko lilikotoka jina lake.

"Mimi nimesoma miaka kumi na moja," alikuwa akiwaambia wateja, "ili nije kuyasafisha magari masikio." Alicheka yeye kwanza, maana aliligundua zamani hilo: ukijicheka mapema, wenzako wanakuta chungu kimeshapakuliwa.

Lakini usidanganyike na unyenyekevu huo. Chini yake kulikuwa na majivuno ya kujaza ndoo. Pamba aliamini ana kipaji. Alikuwa akichovya pamba, akisugua doa, akinusa, kisha akitoa hukumu. "Hii ni chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu." "Hapa kulikuwa na dawa ya kikohozi ya mtoto, na mtoto mwenyewe hakuitaka." Mara nyingi alipatia, na kupatia huko ndiko kulikomharibu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama Povu, aliyeosha mabodi na mazulia pale uwanjani na kuwatawala wote kwa sauti, alimwambia, "Wewe, iko siku utanusa honi umtajie mteja jina la mama yake."

Duniani alibaki mtu mmoja ambaye kipaji hicho hakikumwingia akilini: baba mkwe wake. Mzee alikuwa dereva miaka thelathini na moja, akiwaendesha wakubwa wa kampuni, na hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Kila walipokutana aliuliza swali lile lile, kama anayetumaini kwamba jibu limebadilika.

"Unafanya kazi gani siku hizi, kijana?"

"Nasafisha vitufe, baba."

"Mm. Kufutafuta."

Kijana mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na sita na ndevu zenye mvi. Angeona haya kumwambia mtu yeyote, lakini alichokitaka kuliko vyote ni siku moja mzee yule aseme mbele za watu kwamba mkwe wake ni fundi. Neno moja tu. Alishalifanyia mazoezi hata jibu lake: angeinamisha kichwa na kusema, "Tunajaribu tu, baba."

Jumamosi moja asubuhi mama mkwe akampigia simu.

"Mkwe wangu, gari la baba yako linanata. Jana nimegusa redio, nikabaki nayo kidoleni. Na kesho tunakwenda wote kumwona dada yangu, safari ya saa mbili. Mzee ametoka na wenzake, harudi mpaka jioni. Njoo unisafishie."

"Mama, baba ameruhusu?"

"Ukingoja ruhusa ya baba yako utazeeka. Njoo."

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mzee alikuwa na sheria moja kuhusu gari lile, na ukoo mzima uliijua: nje osheni mtakavyo, ndani asiguse mtu. Dereva wa miaka thelathini na moja kuacha gari lake linate si jambo la kawaida. Lakini Pamba hakujiuliza. Alichokisikia yeye ni mlango wa bahati unafunguka, akapanga vijiti vyake vya pamba kwenye mkoba huku akipiga mbinja.

Gari lilikuwa wagoni ya zamani, limetunzwa likatunzika. Pamba akachomoa kwanza waya wa betri, kama kawaida yake, akaingia na kukaa kwenye kiti cha dereva. Katikati ya dashibodi kulikuwa na vitufe saba vyeusi vya ukubwa mmoja, vimejipanga kama wanafunzi mstarini, kila kimoja na kipicha chake kidogo kilichofifia. Cha kwanza kilikuwa na tone la kitu cheupe kilichokauka. Cha pili matone mawili. Cha tatu mstari. Cha nne msalaba. Kitufe cha redio kilivikwa kipande cha plasta ya kidonda, na plasta yenyewe ndiyo iliyokuwa ikinata.

Pamba akachovya, akasugua, akanusa.

"Gundi ya karatasi," akasema peke yake. "Gundi ya chekechea."

Kesi ikaishia hapo. Mke wake alikuwa mwalimu wa chekechea, kutwa vidole vyake viko kwenye gundi na karatasi za rangi, na kila asubuhi baba yake alipita kumchukua na kumpeleka shule, binti akikaa mbele kando yake. Pamba akatikisa kichwa kama hakimu. Ndiyo, aliona kwamba madoa yale yamepangika. Alihesabu kabisa: moja, mawili, mstari, msalaba. Na hitimisho alilolifikia kwa kipaji chake ni kwamba mwalimu, wakisimama kwenye foleni, anachezea vitufe jinsi watu wanavyochorachora karatasi wakiongea na simu.

Akafanya kazi saa tatu, na haki itendeke, aliifanya vizuri. Alilowesha pamba, hakulowesha kitufe. Alianza pembezoni akaingia katikati, akapitisha kijiti cha meno kwenye kila ufa, akapiga mswaki, akakausha kwa kitambaa laini. Plasta aliibandua kwa ukucha, taratibu, kama anayebandua kidonda cha mtu. Alipomaliza akafumba macho kwa raha na kupitisha kidole juu ya vitufe vyote saba. Hakuhisi tofauti yoyote kati ya cha kwanza na cha mwisho. Alijisikia mtu mkubwa.

Jioni, mezani, akamgeukia mke wake.

"Mwalimu, gundi ya watoto iache shuleni. Gari la mzee umelipaka kama daftari."

"Mimi? Tangu lini?"

"Pua yangu haidanganyi."

"Pua yako imwombe radhi mwenye nayo," mke wake akasema. "Gundi sina. Chupa yangu ilipotelea mkobani zamani, nikawasingizia wale watoto. Na ndani ya lile gari nitachezea saa ngapi? Baba kanigeuza mimi ndiye wa chekechea. 'Mwalimu, taa hiyo ina rangi gani? Mwalimu, kibao kile kimeandikwa nini?' Kila siku! Siku hizi namjibu kwa kuimba."

Akamwimbia: nyekundu, nyekundu, tusimame baba. Pamba akacheka mpaka chai ikampalia. Mtu aliyeweza kujua vijiko vya sukari kwa kunusa alikuwa amewekewa sahani nzima mbele yake, na hakunusa kitu.

Jumapili wakakusanyika uani kwa wakwe. Mama mkwe alikuwa na vikapu vyake, mwalimu na gauni la kutokea. Alikuwepo pia shemeji, kaka yake mwalimu, karani wa ofisi, mtu mzuri sana ila mdomo wake uliundwa bila breki. Pamba alivaa shati lake jeupe. Alijiweka mahali ambapo mzee akishuka na kumtafuta kwa macho, asipate taabu.

Mzee akaingia garini, akafunga mlango, akawasha. Shemeji akaenda nyuma kumwongoza atoke getini. "Njoo, baba! Njoo, njoo!"

Kioo cha mbele kilikuwa na ukungu wa asubuhi. Pamba, aliyesimama dirishani kwa dereva, aliuona mkono wa mzee ukienda kwenye vitufe kwa uhakika wa mtu anayeingia chumbani kwake. Kisha ukasimama. Vidole vikagusa cha kwanza, vikarudi, vikagusa cha pili. Vikapapasa safu nzima mpaka mwisho na kuanza upya. Mzee akabonyeza kimoja, taa za dharura zikaanza kukonyeza. Akabonyeza kingine, milango ikajifunga. Akabonyeza cha tatu, maji yakaruka kutoka kioo cha nyuma na kumpata shemeji usoni katikati ya "njoo." Redio nayo ikalipuka kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Wanawake wakaangua kicheko. Pamba naye alikuwa ameshafungua mdomo acheke, ndipo akaona kwamba mzee havitazami vile vitufe. Uso wake ulielekea mbele, umenyooka, na jasho lilikuwa linamtoka. Kazi yote ilikuwa ya vidole. Na Pamba alivijua vidole vya namna ile, kwa kuwa jana yake yeye mwenyewe alipapasa hivyo hivyo, macho yamefumbwa, akijisifu kwamba hakuna tofauti.

Tone moja. Matone mawili. Mstari. Msalaba. Mwalimu, taa ina rangi gani?

Wakati huo huo gari likaruka kinyumenyume, hatua moja kubwa, na shemeji akajitupa pembeni na kuangukia vikapu vya mama yake. Mzee akakanyaga breki, gari likazimika.

Shemeji akainuka, shati limelowa, vitunguu vinabingirika miguuni pake. Alikuja mpaka dirishani.

"Baba! Si ubonyeze tu hicho chenye pembetatu nyekundu, uzime hizo taa! Hicho hapo! Baba, kwani hu..."

"Nimechanganya nyaya," Pamba akasema.

Wote wakamgeukia. Hata yeye alijishangaa.

"Nyaya gani?" shemeji akauliza.

"Za vitufe. Jana nilipokuwa nasafisha nilivichomoa vyote, nikavirudisha ovyo. Ukibonyeza feni inakuja taa, ukibonyeza taa yanakuja maji. Hata breki sina uhakika nayo. Mzee hana kosa. Ni mimi."

Kisha likamwangukia lote kwa pamoja. Shemeji alitaka kujua ni nani aliyemtuma mtu wa pamba na mswaki kwenye nyaya. Mama mkwe alishika kichwa na kusema laiti angejua. Mwalimu alimtazama mumewe kama anayemwona mtoto aliyekuwa akiongoza darasa leo kajikojolea mstarini, na hilo ndilo lililomuuma. Pamba aliinamisha kichwa. Alikuwa amezoea kujicheka, kumbe kuchekwa ni kazi nyingine kabisa, na haina kitambaa cha kukaushia.

"Kiherehere," shemeji akamalizia. "Fundi pua!"

Mzee alikuwa bado ameshika usukani. Dereva wa miaka thelathini na moja anajua kuwa nyaya za gari lile hazichanganyiki kwa kuchomoa vitufe. Kila kimoja kina soketi yake, ukikosea hakiingii. Akashuka polepole.

"Nilisema nini kuhusu kugusa gari langu?" akasema.

"Nisamehe, baba."

"Haliendeshwi tena hili."

"Haliendeshwi, baba. Ni la hatari. Nipe ufunguo, nilipeleke kwangu uwanjani nilitazame."

Mzee akanyoosha mkono wenye ufunguo, lakini akaunyoosha pembeni kidogo, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Pamba akausogeza wake haraka mpaka hapo, ufunguo ukamwangukia kiganjani. Hakuna mwingine aliyeona, walikuwa wanaokota vitunguu.

Wakaondoka kwa gari la shemeji, na yeye akaachwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa naye saa mbili. Akakaa kwenye kiti cha dereva uani palipokuwa kimya. Kwanza aliona huruma, kisha hasira ikaifukuza huruma. Kila asubuhi mke wake alikaa kwenye kile kiti cha pembeni akiimba rangi za taa, na mtu aliyeshika usukani alikuwa anaendesha kwa wimbo ule. Alitaka kumpigia mzee simu amwambie maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe. Na sauti nyingine, ndogo, ikamuuliza: na wewe, fundi, uliyesoma maandishi yote yale kwa pua, ulikuwa wapi? Akawasha gari na kulipeleka uwanjani, mwendo wa kobe.

Jumatatu kabla ya saa sita, teksi ilisimama kwenye geti la uwanja, akashuka mzee. Mama Povu alikuwa anasugua zulia.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu kwa heshima zote, akiielekea pikapu iliyoegeshwa.

Pamba akamwendea, akamshika mkono kama anayesalimia na kumwongoza mpaka kwenye benchi, chini ya mabati. Wakakaa. Mzee akauliza gari liko wapi, Pamba akamwambia, liko mbele yako, baba.

"Miezi saba," mzee akasema. "Ni presha ya macho. Daktari anasema kilichokwenda hakirudi, tunalinda kilichobaki. Nikasema nitaacha kuendesha mwezi ujao. Kila mwezi nikasema hivyo."

"Baba, ulikuwa unambeba mke wangu."

Aliisikia sauti yake inatetemeka, na safari hii hakutafuta mzaha wa kuifunika.

"Nilikuwa nambeba mwanangu," mzee akasema. "Unadhani sikujua? Usiku silali. Asubuhi nikiamka, naona nisipoendesha mimi si kitu, ni mzee tu wa kushikwa mkono. Basi nachukua ufunguo." Akapapasa ukingo wa benchi. "Jana gari liliporuka nikasikia vile vikapu vinavunjika. Kwa muda sikujua ni vikapu au ni mtoto wangu."

Hasira ya Pamba ilikuwepo bado, ila haikupata pa kushika.

Mzee akaingiza mkono mfukoni na kutoa ufunguo mwingine. "Huu ni wa akiba. Nimeamka nao leo mkononi, nikakaa mpaka ukapata joto. Uchukue." Akauweka kwenye benchi kati yao. "Mama yako nitamwambia mwenyewe. Mwalimu pia. Nipe wiki mbili, niwaambie nikiwa nimesimama, si wakiwa wamenikamata. Yule shemeji yako mdomo ajue mwisho. Mpaka hapo, wakikuuliza gari limepona..."

"Nitasema limenishinda."

"Watakucheka."

"Wameshaanza, baba."

Ni kweli. Shemeji alikuwa amelisambaza jambo lile ofisini kwake kabla ya chai ya saa nne, na mteja mmoja wa asubuhi alikuwa amemwomba Pamba, kwa adabu, kwamba kama inawezekana asiguse kitu chenye waya. Neno alilolitaka maisha yote lilikuwa limekwenda na maji ya povu, na aliyeweza kulirudisha ni mzee huyu peke yake, kwa kusema ukweli. Pamba alilipima hilo, akaona kwamba analitaka bado, sana tu. Akauchukua ule ufunguo wa akiba na kuutia mfukoni.

"Hata siku utakapowaambia, baba, si lazima uwaambie na habari za nyaya."

Mzee akatikisa kichwa, kisha akainuka. Kati yake na geti kulikuwa na uwanja wote wa kuoshea magari: ndoo, mipira ya maji, mazulia yaliyotandazwa, utelezi wa sabuni, na wateja wanne walioketi wakitazama. Akasimama pale ukingoni mwa kivuli, hapigi hatua.

Ghafla mzee akaukamata mkono wa shati la Pamba, akaukunja ngumini na kupaza sauti iliyowahi kuamrisha madereva wenzake.

"Umeniharibia gari, wewe! Twende! Unitafutie teksi sasa hivi!"

Uwanja mzima ukageuka. Mama Povu akasimamisha brashi yake. Wateja wakapigana viwiko, na mmoja akacheka waziwazi akamwambia mwenzake, ndiye huyo, aliyechanganya nyaya, mtazame anavyoburutwa.

"Nisamehe, baba," Pamba akasema kwa sauti, ili wote wasikie. Kisha akainama karibu na sikio la mzee, na huku wakitembea bega kwa bega akawa anamwambia polepole, "Ndoo iko kushoto. Hapa kuna mpira, inua mguu. Sasa ni sabuni, tukanyage taratibu. Nishike vizuri, baba, bado kidogo."